Asilimia 49 haikudanganya, sisi ndio tulioisoma vibaya

Kwa Mhariri,

Magazeti yetu, hili lako likiwemo, yameanza tena kutuletea takwimu za kampuni za utafiti kuhusu nani angeshinda urais kama uchaguzi ungefanyika leo, na tayari nawasikia vijana wa mtaa wetu huku Kisauni wakirushiana asilimia hizo barazani kama wanavyorushiana matokeo ya kandanda. Uchaguzi wenyewe ni Agosti 10, 2027. Sina ugomvi na watafiti wa maoni. Nilifundisha hisabati kwa zaidi ya miaka thelathini kabla ya kustaafu, na najua kwamba sampuli iliyochukuliwa vizuri inaweza kusema kweli kuhusu umati ambao haukuulizwa. Neno langu linahusu jambo moja tu, yaani namna kambi inayoongoza inavyojiamini katika wiki mbili tatu za mwisho za kampeni, kwa sababu hapo ndipo nilipokosea mimi mwenyewe mwaka 2022, nikiwa na kikokotoo mkononi.

Nianze na rekodi, maana kumbukumbu zetu za siasa hubadilika kila tunapobadilisha chama. Mwishoni mwa Julai na siku za kwanza za Agosti 2022, kampuni tatu zinazojulikana zilimweka Raila Odinga wa Azimio la Umoja, ambaye sasa ni marehemu, mbele ya William Ruto wa Kenya Kwanza. Ipsos ilimpa Raila 47 kwa 41. Infotrak ilimpa 49 kwa 41. TIFA, baada ya kuwagawa wale ambao hawakuwa wameamua, ilikadiria 53 kwa 45. Kisha ukaja ukimya wa siku tano bila kuchapisha kura za maoni, ambao sheria inautaka kabla ya siku ya kura, kura zikapigwa Jumanne ya Agosti 9, na jioni ya Agosti 15 pale Bomas, Nairobi, kura zilikojumlishwa, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi wa wakati huo, marehemu Wafula Chebukati, akatangaza kwamba Ruto amepata kura 7,176,141, sawa na asilimia 50.49, na Raila 6,942,930, sawa na asilimia 48.85. Tofauti ilikuwa kura 233,211. Makamishna wanne kati ya saba walijitenga na matokeo hayo, kesi ikafunguliwa, na Septemba 5 majaji wote wa Mahakama ya Juu wakayaidhinisha kwa kauli moja. Najua wapo wasomaji ambao hadi leo hawaikubali hukumu hiyo, wala sina nia ya kuwabadilisha. Mimi natumia hesabu iliyopita mikononi mwa mahakama, kwa kuwa ndiyo hesabu niliyo nayo.

Watu wengi walihitimisha kwamba watafiti walidanganya, au walilipwa, au vyote viwili. Mimi nilikaa na karatasi yangu nikaona jambo tofauti. Itazame ile 49 ya Infotrak. Raila alipata 48.85. Mwanafunzi ambaye angenikadiria umbali wa kutoka shuleni hadi kivukoni kwa usahihi wa namna hiyo ningempa alama zote. Kilichokosewa ni upande wa pili, kwani Ruto alipimiwa 41 akapata 50.49, yaani pointi tisa na nusu zaidi. Zilitoka wapi? Toa 49 na 41 katika mia, unabaki na kumi. Katika kumi hiyo wagombea wawili wadogo, George Wajackoyah na David Mwaure, walikuwa na sehemu ndogo, na hata sehemu hiyo iliyeyuka siku ilipofika, maana Wajackoyah aliambulia asilimia 0.44 na Mwaure 0.23. Waliosalia ni wale waliomwambia aliyewauliza kwamba hawajaamua, au kwamba kura yao ni siri yao. Kinara, basi, alipata karibu kile kile alichopimiwa, na karibu kila kilichobaki kikaangukia kwa mpinzani wake.

Hesabu hiyo, nakiri, haithibitishi nani alihamia wapi. Inawezekana baadhi ya waliomtaja Raila hawakutoka nyumbani, na baadhi ya walionyamaza wakampigia yeye, kwa kuwa asilimia mbili zinazolingana zinaweza kuwa zimebeba watu tofauti kabisa. Ningeliita tukio la bahati kama lingetokea mara moja. Lakini rudi nyuma hadi Februari 2013, siku chache kabla ya uchaguzi wa Machi 4, wakati Ipsos Synovate ilipowaweka Raila na Uhuru Kenyatta sako kwa bako, kila mmoja akiwa na takriban asilimia 44. Matokeo yalipotangazwa Raila alikuwa na 43.31 na Uhuru 50.07. Mmoja alipata alichopimiwa, mwingine akaokota vilivyodondoka. (Uchaguzi wa Agosti 2017 nauacha kando, kwa kuwa Mahakama ya Juu iliufuta, na siwezi kukipima kipimo kwa matokeo yaliyobatilishwa.)

Kosa letu mwaka 2022, kwa hiyo, halikuwa kuamini utafiti. Tuliuamini nusu. Tulitazama pengo la pointi nane baina ya 49 na 41, tukafurahi, ilhali Katiba yetu haimtangazi mtu kuwa rais kwa sababu ya pengo. Inamtaka apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, pamoja na asilimia 25 katika angalau kaunti 24. Aliye na 49 wiki moja kabla ya kura, katika mbio za farasi wawili, bado hajavuka mto. Anachojua kwa uhakika ni kwamba wapo watu mkononi mwake ambao hawatoshi. Swali lililopaswa kutukosesha usingizi lilikuwa dogo sana: katika wale waliobaki, tunajua nini kinachotufanya tuamini kwamba hata mmoja ni wetu?

Sokoni Kongowea, na katika maduka ya jumla ya nafaka popote pwani, mnunuzi wa mchele hafungui gunia zima. Muuzaji huchomeka bambo ubavuni mwa gunia, punje chache zikateremka kiganjani, na kwa hizo chache mtu akajua kama mchele ni wa mwaka huu au umelala ghalani, kama una chenga au hauna. Utafiti wa maoni ni bambo. Tofauti yake ni kwamba punje ya mchele haina aibu, haina jirani, haina mwajiri, wala haijali aliyeshika bambo ametumwa na nani. Mtu anavyo vyote hivyo. Hebu fikiria mkazi wa Mlima Kenya katikati ya mwaka 2022. Rais aliye madarakani, Uhuru Kenyatta, kijana wa kwao, anamuunga mkono Raila. Martha Karua, naye wa kwao, ametajwa kuwa mgombea mwenza tangu Mei 16, na ndani ya wiki mbili TIFA imeonyesha Raila akiruka mbele kwa 39 dhidi ya 35. Naye mkazi huyu moyoni amekwisha kuamua vingine. Simu inalia. Mgeni asiyemjua, lakini anayeijua namba yake, anataka kusikia jina. Nadhani wengi wangesema hawajaamua, nami ningefanya hivyo hivyo. Siku ya kura Kiambu ilimpa Ruto zaidi ya laki sita na Raila laki mbili na ushei, na Kirinyaga, nyumbani kwa Bi Karua, ilimpa Ruto zaidi ya robo tatu ya kura zake.

Kile kinachoitwa kiwango cha makosa, ambacho huchapwa kando ya takwimu kama muhuri wa ubora, hakigusi jambo hilo hata kidogo. Ukiuliza watu elfu moja waliochaguliwa kwa nasibu, kiwango chake ni kama pointi tatu juu au chini. Ukiuliza elfu tisa kinashuka hadi kama pointi moja. Lakini kinachopimwa hapo ni bahati ya kuchagua sampuli peke yake. Hakimpimi aliyekataa kujibu, hakimpimi aliyejibu ili simu ikatwe upesi, wala hakimpimi yule aliyesema kweli mchana wa Julai kisha asitoke nyumbani asubuhi ya Agosti. Hayo niliyajua. Niliyafundisha. Nisikilize basi nilivyoyasahau.

Mwaka ule nilikuwa miongoni mwa wazee waliomsaidia mgombea mmoja wa udiwani katika wadi yetu, na kwa kuwa walinijua kwa mwandiko mzuri walinipa kazi ya daftari. Tulikuwa tukizunguka nyumba kwa nyumba baada ya Alasiri, nikiandika nani amejiandikisha, nani ni mgonjwa, nani amehamia bara lakini jina lake liko huku, nani atahitaji tuktuk ili afike kituoni. Ni kazi ya kuchosha, na haina muziki. Kisha takwimu zikaanza kumiminika katika kundi letu la WhatsApp, na nakumbuka jioni ile tulipopata 49 kwa 41: mtu alileta kahawa na haluwa, mwingine akaanza kupanga nani atakaa jukwaani siku ya kumpongeza mheshimiwa. Mmoja wa waliokuwa wakituongoza akashauri kwamba fedha za tuktuk zingefaa zaidi kwenye fulana na vipaza sauti, kwa sababu debe limeshajaa. Sikumpinga. Nilijiambia kwamba pointi nane ni mara nyingi ya kiwango cha makosa, na kwamba mwenye kupinga hesabu ni mjinga. Daftari likalala kabatini kwa karibu wiki nzima, na wiki hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho.

Jumatatu ya Agosti 8, siku moja kabla ya kura, tume iliahirisha uchaguzi wa ugavana wa Mombasa na wa Kakamega kwa sababu picha za wagombea zilikosewa kwenye karatasi za kura. Kura hizo zilikuja kupigwa Agosti 29, Abdulswamad Nassir akashinda hapa kwetu na Fernandes Barasa kule Kakamega, nayo Mahakama ya Juu haikuona ushahidi kwamba kuahirisha kulifanywa kwa hila. Sitabishana juu ya hilo. Ninachoweza kueleza ni nilichokisikia asubuhi ya Agosti 9 nilipotoka na daftari langu, nikiwa nimechelewa, kwenda kuwaamsha watu. Nyumba kadhaa waliniambia, “Gavana si hayupo leo, Mwalimu? Tutatoka siku yake.” Hao niliwaelewa. Walionikata maini ni wale wa jibu la pili, kuhusu Raila, ambaye wengi walimwita Baba: “Kwani Baba si ameshapita? Si wewe uliyetusomea?” Niliwasomea, ndiyo. Kwa sauti, barazani, nikiwa nimevaa miwani.

Mwaka 2022 waliojitokeza nchini walikuwa kama asilimia 65 ya waliojiandikisha, wakati miaka mitano kabla idadi hiyo ilikuwa imekaribia asilimia 80. Mombasa ilikuwa chini kabisa. Katika zaidi ya wapiga kura laki sita na arobaini elfu walioandikishwa hapa, waliofika hawakufika 45 katika kila mia, maana yake zaidi ya laki tatu na nusu walibaki nyumbani, kazini au baharini. Kilifi nako takriban nusu hawakutoka. Ukiziweka hizo laki tatu na nusu za Mombasa kando ya pengo la kitaifa la 233,211, unashawishika kusema kwamba hapa ndipo urais ulipopotelea, na nimewasikia wanasiasa wakilisema jukwaani. Si kweli, au si kweli kwa urahisi huo. Waliopiga kura Mombasa waligawanyika kama 58 kwa 41. Kama wale waliokaa nyumbani wangetoka na kugawanyika vivyo hivyo, Raila angepunguza pengo kwa kura kama elfu sitini, ambayo ni robo tu. Ninataja hili kwa sababu majuto nayo yana kiburi chake, na mtu aliyejidanganya kwa hesabu kabla ya uchaguzi asijidanganye kwa hesabu nyingine baada yake. Hata hivyo robo ya pengo la nchi nzima, katika kaunti moja kati ya 47, si kitu cha kubadilishana na fulana.

Wamarekani walilipia somo hili mapema. Mwaka 1948 Gavana wa New York, Thomas Dewey, alikuwa mbele ya Rais Harry Truman kwa uwazi kiasi kwamba mtafiti Elmo Roper aliacha kuchapisha takwimu zake mapema Septemba, akiona hakuna kilichobaki cha kupimwa, na Gallup ikamaliza kuuliza maswali zaidi ya wiki moja kabla ya siku ya kura, ikimpa Dewey 49.5 na Truman 44.5. Dewey, kwa kuamini kwamba jukumu lake ni kutoharibu tu, alizunguka akitoa hotuba za tahadhari ambazo hazikumuudhi mtu wala kumwamsha. Truman aliendelea na treni yake, mji hadi mji, akihutubia kutoka behewa la nyuma. Novemba 2 Truman akapata asilimia 49.5 na Dewey 45.1, na gazeti la Chicago Daily Tribune likabaki na kichwa cha habari kilichomtangaza Dewey mshindi, ambacho Truman alipigwa picha akikiinua juu kwa kicheko. Kwao kinara alipungukiwa hasa, tofauti na kwetu ambako alibaki pale pale na mwenzake akampita. Lakini ukimya wa siku za mwisho ni ule ule. Wao waliacha kuuliza kwa hiari yao. Sisi tumeuweka ukimya huo kisheria, kwa sababu nzuri, na matokeo yake ni kwamba takwimu ya mwisho anayoibeba mpiga kura kichwani tayari imechakaa, maana maswali yake mengi yaliulizwa mwezi uliopita.

Upande wa pili nao usijipongeze. Kambi iliyokuwa nyuma mwaka 2022 ilizipuuza takwimu zote hadharani, na sasa wafuasi wake husimulia jambo hilo kama busara. Kuukana utafiti usiokupendeza hakuhitaji elimu. Kila aliyewahi kushindwa vibaya aliukana pia. Kama kuna lililowafaa, nadhani ni kwamba waliokuwa nyuma katika karatasi hawakuwa na anasa ya kulaza madaftari yao. Jumamosi ya Agosti 6 kambi zote mbili zilifunga kampeni Nairobi, Kenya Kwanza katika uwanja wa Nyayo na Azimio kule Kasarani, na kwenye televisheni viwanja vyote viwili vilionekana vimefurika. Mtu asingeweza kujua kwa macho nani yuko nyuma.

Liko jambo zito zaidi ya kushinda na kushindwa. Mfuasi aliyeambiwa kwa wiki tatu kwamba mtu wake ana 53, na kiongozi anayemheshimu, au na mwalimu wake wa zamani, hana mahali pa kuyaweka matokeo ya 48.85. Neno pekee alilobakiwa nalo ni wizi, hata kabla hajaona ushahidi wowote. Mwaka 2007 tafiti nyingi za kampeni zilimweka Raila mbele ya Rais Mwai Kibaki, na tunajua kilichofuata baada ya tangazo la Desemba 30: zaidi ya watu 1,100 waliuawa na malaki wakang'olewa makwao. Sisemi asilimia ndizo zilizoua. Tume ya Jaji Kriegler ilikuta uchaguzi ule umevurugwa kiasi kwamba haikuwezekana kujua nani alishinda, na hasira za ardhi zilikuwepo kabla ya kampuni yoyote ya utafiti. Ninachosema ni kwamba kiongozi anayepanda jukwaani wiki ya mwisho na kuigeuza takwimu ya Julai kuwa ushindi wa Agosti anawanyima watu wake uwezo wa kushindwa kwa amani ikiwa watashindwa kwa haki, na anauchosha ukweli ikiwa kweli wameibiwa.

Je, kinara aonyeshe hofu? Hapana, na hili nalijua kwa kuzunguka. Kijana wa kujitolea akiona wazee wamekunja nyuso huenda kutafuta vibarua vyake. Mwambie anaongoza, kwa kuwa anaongoza. Lakini mwambie pia ni kwa ngapi, na nusu iko umbali gani, kisha mpeleke kwa wale waliosema hawajaamua, nyumba hizo hizo, mara ya pili na ya tatu. Na asiridhike haraka na atakachoambiwa. Huku pwani mtu mwenye adabu hamwambii mzee aliyemfundisha mtoto wake kwamba hatampigia mgombea wake. Atamkaribisha, atamtilia chai, kisha atasema, “Inshallah, Mwalimu.” Neno hilo nililiandika katika daftari langu la 2022 kama ndiyo. Lina ndiyo ndani yake, lina hapana, na lina niondokee kwa heshima, na kuzitenganisha hizo tatu kulihitaji nirudi wiki ile ya mwisho ambayo niliitumia kunywa kahawa.

Kwako wewe, Mhariri, nina ombi. Sheria ya mwaka 2012 kuhusu uchapishaji wa kura za maoni za uchaguzi inataka msomaji aelezwe aliyegharimia utafiti, ukubwa wa sampuli, kipindi cha maswali na kiwango cha makosa, na magazeti mengi hutimiza hayo katika aya ya mwisho, ambako msomaji wa barazani hafiki. Idadi ya waliokataa kusema au ambao hawajaamua hutupwa huko huko. Naomba ipandishwe kwenye kichwa cha habari. Badala ya kutuambia kwamba fulani anaongoza kwa pointi nne, tuandikie kwamba fulani ana 46, mwenzake 42, na walionyamaza ni 9. Chini yake tuwekee tarehe ya siku ya mwisho ya kuulizwa maswali, kwa herufi za ukubwa ule ule, na pale kampuni ilipowauliza watu kama kweli watatoka kwenda kupiga kura, jibu la swali hilo lisikosekane. Siku ile ya Agosti mitaani kwetu, kichwa cha habari cha namna hiyo kingenipa aibu ya kulirudisha daftari kabatini.

Daftari lenyewe bado ninalo. Wiki iliyopita nilinunua jipya pale sokoni, lenye kurasa mia mbili, na safari hii nimechora safu tatu badala ya mbili. Ile ya tatu, ya walioniambia inshallah, ndiyo ndefu kuliko zote hadi sasa.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa hisabati,
Kisauni, Mombasa.